Jina Nililoliruka

Jumatatu, 12 Juni 1995

Nimefua tangu asubuhi. Mashuka tu. Nepi hakuna tena, Kaneza ameziacha wiki ya tatu sasa. Kiangazi kimeingia. Nguo zinakauka upesi na kuchafuka upesi vilevile. Malori ya kwenda Rusumo mpakani yakipita, kamba nzima inageuka rangi ya matofali. Nikazianua, nikazikung'uta, nikazianika upya.

Moshi wa kambi ya wakimbizi ya Lukole unaonekana kutoka jikoni. Hauendi popote. Umekaa juu ya vilima kama ukungu uliosahau kuondoka. Siku nyingine nasahau kwamba chini yake kuna watu.

Baba Neema yuko huko na baiskeli yake. Maziko matatu. Neema yuko shule. Mama mkwe anachagua maharage barazani, Kaneza anachukua yale mabovu na kuyarudisha kwenye ungo. Mama mkwe anayatoa tena. Hakuna anayechoka.

Nyumba hii ni ya kanisa. Mwaka wa pili tunaishi humu kama watu waliowahi stendi. Masanduku mawili hayajafunguliwa.

Jumatano, 14 Juni

Nimeota nyumba yetu ya Burundi. Milango wazi, hakuna mtu. Majani ya migomba yameingia ndani mpaka chumbani, yanapumua. Sikuogopa. Nilikuwa natafuta sufuria.

Miaka saba tulikaa kule, Baba Neema akiwa mmisionari wa kanisa letu. Neema alifika hajatembea. Vita vilipoanza tulipewa nusu saa. Jirani yangu Spesiyoza, mke wa seremala, alikuja mbio na binti yake wa miezi minne, akaniwekea mikononi. Mumewe na mama yake walikuwa bondeni. Alisema anawafuata, atatukuta mpakani. Tulimngoja mpakani siku mbili.

Baadaye watu wa mlima ule walituambia nyumba zote ziliungua, na waliokuwa bondeni hawakutoka. Baba Neema alimwombea Spesiyoza kama marehemu. Mimi nikaanza kumwita Kaneza mwanangu. Sikuamua. Ilitokea tu, kama nywele zinavyoota.

Alhamisi, 15 Juni

Barua ya Baba Askofu imefika. Msumbiji. Tuondoke mwanzoni mwa Septemba. Vita vyao vimekwisha, watu wamerudi vijijini, makanisa hayana wachungaji.

Neema amelia. Anasema amechoka kuwa mgeni darasani. Nilimwelewa, sikumwambia.

Fomu za pasi zina nafasi ya majina ya watoto. Baba Neema aliandika Neema. Akaandika Kaneza. Alipofika kwenye jina la ukoo aliinua kalamu, akatazama nje, kisha akaandika la kwetu. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, nikaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Jumapili, 18 Juni

Nitaandika kilichotokea bila kukipamba.

Kila Jumapili baada ya matangazo nasoma karatasi ya wanaotafutwa. Huletwa na mzee Kalisti, anayefanya kazi kambini kwenye ofisi ya kuunganisha jamaa. Nasoma mimi kwa sababu majina ya Kirundi nayatamka bila kuyavunja. Kanisa hujaa mpaka nje, wakimbizi wanasimama madirishani. Kila jina likitajwa, watu wanazuia pumzi.

Leo nilifika mstari wa kumi na nne. Spesiyoza, wa mlima wetu, yuko Lukole, anamtafuta binti yake Kaneza, miaka miwili, aliyebebwa na Mama Neema, Mtanzania.

Akina Mama Neema wamejaa nchi nzima. Huyo ni mimi.

Macho yalishuka yenyewe mstari wa kumi na tano. Sauti yangu ikaendelea. Kaneza alikuwa amelala mgongoni kwa mama mkwe, benchi la mbele. Nikakunja karatasi. Tukaimba wimbo wa kufungia. Nikaimba.

Yuko hai.

Jumanne, 20 Juni

Sijamwambia Baba Neema. Nimepika, nimefagia, nimekwenda kisimani mara tatu ingawa maji yalikuwepo.

Najua ninalofanya. Zimebaki wiki kumi na moja. Nikikaa kimya wiki kumi na moja tutakuwa mbali, na karatasi hii itasomwa na mtu mwingine kwa watu wengine.

Mchana kila kitu kiko mbali. Kaneza anatembea uani na kivuli chake, anajaribu kukikanyaga. Anacheka bila sauti. Namtazama kama mtu anayetazama chini ya maji.

Jumapili, 25 Juni

Jina lilikuwepo tena, mstari wa tisa. Nikaliruka.

Mara ya pili ilikuwa rahisi. Hilo ndilo linalonitisha.

Alhamisi, 29 Juni

Tumekwenda Ngara mjini kupiga picha za pasi. Tulipanda nyuma ya pikapu ya mfanyabiashara wa ndizi. Njia nzima miti imekwisha, visiki tu, na kwenye bonde mojamoja turubai za bluu zinang'aa kama mabwawa. Neema alidhani ni maji kweli. Sikumrekebisha.

Mpiga picha alimkalisha Kaneza mapajani kwangu. Akasema mtoto amenichukua macho. Nikasema asante. Baba Neema alikohoa.

Kwenye picha natabasamu. Sikumbuki kutabasamu.

Jumapili, 2 Julai

Mara ya tatu. Mstari wa pili, juu kabisa, mahali ambapo huwezi kusema hukuona.

Mama mmoja dirishani aliangua kilio kwa jina lililofuata. Kaka yake, yuko kambi nyingine, hai. Watu walimbeba juu. Nilisimama na karatasi yangu nikingoja wanyamaze. Nilimchukia kwa furaha yake. Hapo nikajua nimefika mahali pabaya.

Ijumaa, 7 Julai

Homa. Malaria, anasema mganga wa zahanati. Vidonge vinafanya masikio yavume.

Alasiri nililala mlango ukiwa wazi. Mwanga uliingia na vumbi, ukakaa kwenye kiti kama mgeni. Nilimwona Spesiyoza amekaa hapo anasuka mkeka, kama tulivyozoea kukaa barazani kwake. Hakunitazama. Nilitaka kumwambia Kaneza ana meno yote. Mdomo haukufunguka. Nilipoamka kiti kilikuwa na shuka lililokunjwa.

Jumapili, 9 Julai

Sikuweza kwenda ibadani. Kanisa liko hatua hamsini tu kutoka dirisha langu. Baba Neema alisoma karatasi mwenyewe.

Nililala nikingoja. Nilijua atafika kwenye jina la Spesiyoza, atasimama, na kila kitu kitakwisha. Nilihesabu. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Alivunja majina mengi. Alimaliza. Wimbo ukaanza.

Jina halikuwemo.

Nilifurahi kwa muda wa kumeza maji. Kisha nikaogopa kuliko siku zote. Amekufa, au amekata tamaa.

Jumatatu, 10 Julai

Mzee Kalisti alipita kunijulia hali. Neema alimpa shikamoo, akamletea kiti na uji. Nilimuuliza, kama mtu anayepitisha muda tu, kwa nini majina mengine hutoka kwenye karatasi.

Akasema, "Jina likisomwa Jumapili tatu bila jibu, tunaliondoa kuwapa wengine nafasi. Tunamwita mwenyewe, tunamwambia tumesoma makanisa yote, hakuna aliyejitokeza."

"Na yeye hufanya nini?"

"Wengine hulia. Wengine hujiandikisha kurudi kwao, hata kama hakujatulia. Hawana wanachongoja tena."

Alimaliza uji, akasema ni mtamu.

Kwa hiyo wamemwambia. Kimya changu amepewa kama jibu lake.

Jumanne, 11 Julai

Nimemwambia Baba Neema. Saa nne asubuhi, nyuma ya jiko, akitengeneza mnyororo wa baiskeli. Nilisema yote kwa pumzi moja.

Aliuliza jambo moja. "Jumapili ngapi?"

"Tatu."

Akaurudisha mnyororo. Mikono yake ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Alinawa kwa majivu, polepole, kidole kwa kidole. Akachukua kofia, akaenda Lukole. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Amerudi jua likizama. Hajampata. Kwenye kibanda chake wamemwambia yuko kwenye foleni ya watu wa kurudi.

Alhamisi, 13 Julai

Leo nilikwenda naye. Nilikaa nyuma ya baiskeli, bado natetemeka kwa homa. Kaneza tulimwacha na mama mkwe. Sikutaka waonane kwa mara ya kwanza kwenye foleni.

Lukole ukiingia ndani si moshi. Ni sauti. Watu wanatwanga, wanakohoa, wanaita watoto. Nilitembea katikati yao kama nimelala. Harufu ya mahindi ya msaada yakichemka kila mahali. Tuliuliza, tukaelekezwa, tukakosea, tukaelekezwa tena.

Alikuwa amekaa kwenye kifurushi chake karibu na uzio. Amekonda. Nywele zimenyolewa. Nilimjua kwa shingo. Aliponiona hakuinuka. Alitazama mgongo wangu, kuona kama nimembeba mtoto.

"Amahoro, Mama Neema," akanisalimu.

"Amahoro."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Mzima. Anatembea, anaongea."

Akafunika uso kwa kitenge. Baba Neema alisogea kando. Nikapiga magoti kwenye vumbi na kumwambia. Kwamba karatasi nilisoma mimi, kwamba jina lake nililiona, kwamba nililiruka. Ningeweza kunyamaza. Baba Neema asingesema. Lakini nilikuwa nimechoka kujificha.

Alishusha kitenge.

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Nilizihesabu," akasema. "Kila Jumapili nilikaa karibu na njia nikihesabu."

Alibeba kifurushi chake mwenyewe, alikataa nisikishike. Alitembea mbele yetu mpaka ofisi ya kambi, kuomba ruhusa.

Jumanne, 18 Julai

Ameruhusiwa kukaa kwetu mwezi mmoja, mtoto amzoee. Baba Neema ameweka saini.

Alipofika uani, Kaneza alikimbia. Alikimbilia kwangu, akajificha kwenye sketi yangu, akashika paja kwa mikono yote miwili. Spesiyoza alisimama pale pale na kifurushi kichwani. Sikujua niweke mikono yangu wapi.

Mama mkwe ndiye aliyetuokoa. Alimkaribisha kwa Kihangaza, lugha ya huku Ngara, mgeni akajibu kwa Kirundi, wakaelewana kama watu wa nyumba moja. Akampa kigoda na ungo wa maharage. Wakachagua.

Alhamisi, 27 Julai

Anaosha vyombo kabla sijaamka. Anateka maji. Haniombi kitu. Tunapishana mlangoni. Nyumba imekuwa na akina mama wawili wanaonyata.

Amemweleza mama mkwe yaliyompata. Mumewe hakupatikana. Mama yake, alimzika yeye mwenyewe njiani. Mimi nilisikia nikiwa jikoni, kupitia ukuta. Ndivyo ninavyostahili kusikia.

Kaneza anamwita Shangazi. Neema ndiye aliyemfundisha, kwa nia njema. Spesiyoza huitika.

Jumapili, 30 Julai

Nimemwambia mzee wa kanisa atafute msomaji mwingine. Hakuuliza sababu.

Jumatano, 9 Agosti

Kaneza alianguka kwenye ngazi ya baraza, akachanika kidevu. Nilikuwa shambani. Nilipofika mbio alikuwa ameshabebwa. Spesiyoza alikuwa anamzungusha uani akimwimbia, ihorere, ihorere, neno lile la kubembeleza mtoto la kule mlimani. Kaneza alikuwa ametulia. Macho nusu, kidole mdomoni. Jua lilikuwa linapita kwenye majani ya migomba na kuwarukia wote wawili mabaka mabaka, na kwa kitambo sikuweza kuona mama anaishia wapi na mtoto anaanzia wapi.

Kaneza alinyoosha mkono kwangu. Nilitingisha kichwa, nikasema baki hapo hapo na mama.

Nimesema neno hilo. Nikaingia ndani nikakaa juu ya sanduku.

Jumatatu, 14 Agosti

Leo Spesiyoza ameongea nami. Tulikuwa tunatwanga kisamvu, mchi mmoja, kwa zamu.

Akasema, "Siwezi kukusamehe upesi. Usiningojee."

Nikasema sawa.

Baadaye kidogo akasema, "Umemlea vizuri. Hilo pia ni kweli."

Tukaendelea kutwanga. Kisha akaniomba jambo. Amepoteza mwaka mmoja na miezi minane. Hajui jino la kwanza lilitoka lini, hajui aliumwa nini. Anataka nimwandikie. Kusoma anajua.

Alhamisi, 17 Agosti

Siku tatu naandika. Nimenunua daftari sokoni, la kurasa arobaini na nane. Nimetoa madaftari yangu yote ya zamani kutoka sandukuni na kunakili kila mahali palipo na Kaneza.

Jino la kwanza, wiki ya Krismasi, la chini kulia. Surua mwezi Machi, siku tisa, nilidhani tunampoteza. Hapendi maziwa ya mgando. Alisimama mwenyewe akishika mkia wa mbuzi. Neno lake la kwanza lilikuwa "hapana". Anaogopa lori lakini anapenda honi yake. Akilala hushika sikio, lake au la mtu.

Nilipofika mwezi Juni mwaka huu nilisimama. Nikaandika na hayo. Jumapili zote tatu, na namba za mistari. Daftari ni lake.

Jumamosi, 19 Agosti

Wameondoka asubuhi. Baba Neema aliwapeleka Lukole, mtoto mbele kwenye baiskeli, Spesiyoza kwa miguu pembeni. Nilifunga nguo za Kaneza kwenye kanga yangu ya kijani. Mama mkwe aliweka mihogo mibichi na chumvi. Neema hakutoka chumbani mpaka dakika ya mwisho, kisha akakimbia mpaka barabarani na kumpa kitana chake.

Kaneza alidhani ni matembezi. Alinipungia mkono akicheka, akageuka mbele kutazama gurudumu.

Spesiyoza aliniaga kwa kunishika kiwiko. Hivyo tu. Nilikihisi kiwiko siku nzima.

Kwenye fomu ya pasi, Baba Neema alikuwa ameshakata jina la Kaneza kwa rula. Mstari mmoja, safi.

Jumatatu, 21 Agosti

Sina la kuandika. Nimelia nikifua. Nimemwona Neema akitazama ungo wa maharage.

Jumamosi, 26 Agosti

Nilikwenda Lukole peke yangu. Nilisimama mbali, kwenye njia ya maji. Niliwaona. Kaneza alikuwa amekaa mchangani na watoto wengine wawili, ana kitana kichwani. Spesiyoza anasuka. Aliniona. Aliinua mkono, si wa kuita wala wa kufukuza. Nikainua wangu. Nikarudi.

Ijumaa, 8 Septemba

Nemba. Tumefika kijijini hapa juzi, tunakaa kwa kaka yangu Deo tukingoja gari la kutupeleka kwenye treni. Mama mkwe amebaki Ngara kwa mwanawe mdogo. Alinibariki kwa mate kidogo kwenye paji la uso.

Hapa hakuna moshi. Mashamba tu mpaka macho yachoke. Mvua ya kwanza ilinyesha jana, na leo kila mtu yuko shambani. Nikaomba jembe. Wifi alicheka, akasema mke wa mchungaji atachubuka mikono. Nimechubuka.

Tulipanda maharage. Ardhi ilikuwa laini, nyeusi, inafunguka yenyewe. Neema alitangulia akidondosha mbegu, akihesabu kwa Kireno alichojifunza kwenye kitabu cha baba yake. Um, dois, três. Akikosea anaanza upya.

Katikati ya tuta nilisikia jembe jingine upande wangu wa kushoto. Baba Neema. Amevua viatu. Tangu Julai ameongea nami mambo ya nyumba tu, unga, pasi, barua. Alilima karibu nami mpaka mwisho wa tuta. Tukageuka. Tukaanza lingine.

"Mama Neema," akasema, "umechoka?"

Nikafikiri nimjibuje. Nikasema, "Nimechoka."

Akachukua jembe langu, akaniwekea chini koti lake. "Keti. Hili nitamaliza mimi."

Nikaketi. Mawingu yalikuwa yanatoka upande wa ziwa, polepole, meupe juu na meusi chini. Gari linakuja kesho saa nne.